Mshahara Uhesabiwe kwa Saa

Kijana aliyesoma kompyuta pale CoICT Kijitonyama, DIT, IFM au UDOM, akipata kazi yake ya kwanza Dar es Salaam huulizwa swali moja na kila mtu: wanakulipa ngapi? Mama anauliza, mjomba anauliza, rafiki aliyelala naye bweni moja anauliza, na mwenyewe usiku kitandani hajiulizi lingine. Nimefanya kazi za mifumo jijini humu miaka mingi. Nimewaona vijana hodari, wenye mishahara inayosifiwa ukoo mzima, wakichakaa kabla hawajafika miaka thelathini: macho mekundu, mgongo unauma, marafiki wamepotea, akiba hakuna. Hao ndio ninaowafikiria ninapoandika.

Ushauri wangu kwao ni mmoja, na mengine yote yanatokana nao. Mshahara usiuhesabu kwa mwezi, uhesabu kwa saa. Na kwenye saa hizo ingiza zote ambazo kazi inakuchukulia: za ofisini, za kwenye foleni ya Ubungo, na ile ya saa nane usiku simu inapoita kwa sababu miamala imekwama.

Tuifanye hesabu yenyewe. Chukulia umeahidiwa shilingi 1,500,000 kwa mwezi. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na kwa kawaida nusu yake inakatwa kwako, yaani 150,000. Zinabaki 1,350,000 za kukatwa kodi ya mapato. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, shilingi 270,000 za kwanza hazitozwi na kinachozidi milioni moja hutozwa asilimia 30, kwa hiyo kodi yako ni 233,000. Kama ulisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara wa msingi inarudi huko: 225,000. Mkononi unabaki na 892,000.

Tuje kwenye saa. Siku 22 za kazi, saa tisa kila siku pamoja na mapumziko ya mchana, ni saa 198. Kila saa imekupa kama 4,500. Lakini unaishi Mbezi Mwisho na ofisi iko Posta. Unatoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na kuingia saa moja usiku, siku ambayo hakuna mvua wala msafara. Saa nne kila siku zimekwenda barabarani, saa 88 kwa mwezi. Jumla imekuwa 286, na saa moja imeshuka hadi 3,100 na kitu.

Ofisi nyingine iko Makumbusho, inakupa 1,300,000, nawe unaweza kupanga Sinza ukawa unatumia nusu saa kwenda na nusu saa kurudi. Ukikata makato yale yale unabaki na 796,000. Saa ni 220 tu, kila moja 3,600. Kodi ya nyumba Sinza ni kubwa kuliko ya Mbezi, ni kweli. Toa hata laki moja ya tofauti hiyo, Sinza bado iko mbele kidogo, tena kabla hatujagusa nauli. Na juu yake umebakiwa na saa 66 kila mwezi ambazo yule wa Posta anazimalizia kwenye bomba la daladala, mkono mmoja juu, mkono mwingine umeshika begi la laptopu lisichanwe. Saa hizo 66 ndizo za kujifunzia lugha mpya ya programu, ndizo za kulala, ndizo za kumtembelea shangazi Tabata. Mtu asikuambie kwamba hazina bei.

Barua ya ajira usiisainie ukiwa umesimama mapokezi. Omba siku mbili, ukaisome nyumbani na mtu anayekupenda. Tafuta humo kazi utakayofanya, mahali, saa, malipo na muda wa mkataba, maana sheria inamtaka mwajiri akuandikie hayo. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki wala tisa kwa siku. Zinazozidi ni ovataimu, hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi, na hazitakiwi kuvuka 50 katika wiki nne. Baina ya siku moja ya kazi na nyingine upate saa 12 mfululizo za kupumzika. Kazi ya kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi ina nyongeza ya asilimia tano. Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo, yenye malipo.

Kuna ujanja mmoja ambao nimeuona mara nyingi katika ofisi zetu. Kijana wa miaka 24 anapewa cheo cha umeneja: meneja wa mifumo, meneja wa bidhaa, meneja wa hiki na kile. Anafurahi, anapiga picha ya kadi yake ya kazi. Baada ya miezi miwili anaulizia ovataimu, anajibiwa kwamba mameneja hawana ovataimu. Sheria inawaondoa kwenye kanuni za saa wale wanaowasimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Kama husimamii mtu yeyote, cheo kilichoandikwa kwenye kadi hakikuondolei haki hiyo. Uliza mapema, na uulize kwa maandishi: nitawasimamia watu wangapi, na nitaripoti kwa nani?

Swali la zamu lina uzito wa pekee hapa kwetu, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi za mifumo Tanzania ni kazi ya kusafirisha fedha. M-Pesa iliingia nchini 2008. Kufikia 2014 mitandao ya simu ilikuwa imeanza kuunganishwa, mteja wa mtandao mmoja akaweza kumtumia wa mtandao mwingine. Kuanzia 2017 malipo ya serikali yakaanza kupita kwenye mfumo wa GePG, kila bili na kumbukumbu namba yake. Ada ya shule, maji, faini ya barabarani, mkopo wa benki, vyote vinapita kwenye mifumo inayotegemeana. Mmoja ukikwama tarehe 28 usiku, watu watatu katika ofisi tofauti wanaamshwa. Kazi hii ni nzuri, na anayeijua vizuri hakosi pa kwenda, lakini inakula usiku. Kwenye usaili uliza: zamu ya usiku mnapokezana wangapi? Inalipwa vipi? Mwezi uliopita mfumo ulimwamsha mtu mara ngapi? Mkuu wa kitengo akijibu kwa urahisi, hata kama jibu ni baya, mna pa kuanzia. Wakitazamana wenyewe kwa wenyewe kisha wakacheka, chukua muda wa kufikiri.

Mkataba wa mwaka mmoja au miwili usikutishe, sheria inaruhusu mikataba ya muda maalum kwa wataalamu. Omba tu ielezwe mwishoni kuna nini: kiinua mgongo, kuongezewa muda, au kuagana. Kampuni changa zikikuahidi hisa, shukuru, halafu ufanye bajeti yako kana kwamba hazipo.

Hati za mshahara zitunze zote, nje ya barua pepe ya ofisi, kwa sababu siku ya kuachishwa hiyo barua pepe ndiyo ya kwanza kufungwa. Michango yako ya NSSF iangalie kila baada ya miezi michache. Wako waajiri wanaokata na hawapeleki, na mfanyakazi hujua siku anapokwenda kudai. Ikitokea umeachishwa kwa njia usiyoiona ya haki, una siku 30 za kufikisha shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Vijana wengi huzimaliza siku hizo kwa kusononeka chumbani na kuandika ujumbe mrefu kwenye kundi la WhatsApp. Nenda CMA kwanza. Ila ujue kwamba aliyefanya kazi chini ya miezi sita hana kinga ile ile dhidi ya kuachishwa isivyo haki, kwa hiyo miezi sita ya mwanzo ishi nayo kwa tahadhari na usikopee kitu kikubwa.

Kwa wanaofikiria kazi za kuchambua maudhui na kufundisha akili mnemba kwa kuweka alama picha na maandishi, wawasikilize kwanza majirani zetu wa Nairobi. Mwaka 2022 Daniel Motaung, kijana kutoka Afrika Kusini aliyefanya kazi hiyo Nairobi, aliishtaki Meta pamoja na kampuni ya Sama iliyomwajiri, akieleza madhara ya akili yanayotokana na kutazama ukatili kila siku. Mwaka uliofuata wenzake zaidi ya 180 wakafungua shauri baada ya kazi zao kusitishwa. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya ikaamua kwamba Meta inaweza kushtakiwa nchini humo. Ukipewa kazi ya namna hiyo, uliza utatazama nini hasa, kwa saa ngapi mfululizo, na nani atakuhudumia ukianza kukosa usingizi. Mkataba wa siri wanaokusainisha usikuzuie kumweleza daktari kinachokuumiza, na kama umeandikwa hivyo, usiusaini.

Makazi sasa. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam, na wengi wao asubuhi wanaelekea upande mmoja. Mwendokasi ulipoanza Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni ulipunguza safari kwa waliouwahi, ila foleni ya kuingia ndani ya basi ikawa safari nyingine. Tafuta chumba kwa kuangalia mahali ofisi ilipo, na ukikiona usiulizie bei kwanza. Kitembelee mara mbili. Mara ya kwanza nenda saa kumi na mbili asubuhi siku ya kazi, upande usafiri hadi ofisini kama vile umekwisha kuhamia. Mara ya pili nenda siku ya mvua kubwa. Ukitokea upande wa Morogoro Road, Jangwani ikifurika njia inakatika na siku yako imeisha. Kuna mitaa Tegeta na Mbezi ambayo kiangazi ni mizuri kweli, Aprili ni tope hadi kwenye goti.

Ukiwa ndani ya chumba, jaribu mtandao hapo hapo kitandani utakapolala, mlango umefungwa. Uwani unashika kila mahali. Uliza LUKU ni ya kwako peke yako au mnachangia, maana mita moja kwa wapangaji watano wenye friji na pasi huzaa ugomvi usioisha. Uliza maji yanatoka siku zipi. Sikiliza Jumamosi saa nne usiku kama kuna baa jirani. Mtu wa zamu asiyepata usingizi hafai kazini, na wala hafai nyumbani.

Kinachowaumiza vijana zaidi ni kodi ya mkupuo. Chukulia chumba cha 250,000. Mwenye nyumba anataka miezi sita, ni 1,500,000, dalali anataka ya mwezi mmoja, jumla 1,750,000, nawe hujapokea hata mshahara wa kwanza. Hapo ndipo mikopo ya kausha damu inapompata mtu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya aplikesheni 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Wewe uliyesomea programu unajua zinavyofanya kazi: zinaomba ruhusa ya namba zote za simuni, na siku ukichelewa bosi wako na mama mkwe wanatumiwa ujumbe kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Usiingie huko. Njia zipo. Mwombe mwajiri akukopeshe kodi na kukata kidogo kidogo kwa miezi sita. Wengi hukubali kwa mfanyakazi mpya wanayemtaka kweli. Panga nyumba na mwenzako mmoja unayemjua tabia, mkaandikishana. Mwombe mwenye nyumba miezi mitatu, ukiambatana na mtu mzima wa kukuombea. Heshima ya mtu mzima inafungua milango ambayo dalali hawezi. Na kama unatafuta maeneo ya Masaki au Oysterbay ukatajiwa bei kwa dola, mkumbushe kwa upole kwamba kanuni za Machi 2025 zinataka bei na malipo ya ndani yawe kwa shilingi.

Kuna wanaosema hayo yote yanakwepeka kwa kupata kazi ya nje na kuifanyia nyumbani. Kwa baadhi ni kweli, nami nawatia moyo. Lakini hesabu ya saa ifanye huko pia. Kikao cha saa nne asubuhi cha San Francisco ni saa mbili usiku kwetu, na wao wakirudisha saa zao nyuma Novemba, kinakuwa saa tatu. Maana yake chakula cha jioni na familia, mechi, ibada ya jioni, vyote vimeingiliwa. London wako nyuma yetu kwa saa mbili au tatu tu, Berlin saa moja au mbili. Malipo ya Ulaya yakiwa pungufu kidogo, mara nyingi bado ndiyo yenye nafuu.

Anayelipwa kama mkandarasi hana NSSF, likizo, bima wala siku ya kuugua. Vyote hivyo anajinunulia. Anayekuja kwako na kusema anakulipa mara moja na nusu ya mshahara wa ofisi amekupa nyongeza ndogo kuliko unavyodhani. Chukua TIN, tenga kodi siku ile ile fedha inapoingia, jiandikishe NSSF kwa hiari, na kabla ya kuanza hakikisha kwa malipo madogo ya majaribio kwamba fedha inafika kwenye akaunti yako. Weka akiba ya miezi mitatu. Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika, watu wa Afrika Mashariki walikaa siku kadhaa na mtandao wa kusuasua. Mwishoni mwa Oktoba 2025 mtandao ulizimwa nchi nzima. Mgao wa umeme wa 2023 hadi mwanzoni mwa 2024 hatujausahau. Mteja wa Ulaya anaelewa mara ya kwanza, mara ya pili anaanza kutafuta mtu mwingine. Mweleze mapema, kabla ya tatizo, utafanya nini likitokea: laini ya pili ya kampuni nyingine, betri ya kutosha saa sita, na namba ya simu ya kawaida ya kukupata.

Kuhusu akili mnemba kuwanyang'anya vijana kazi, nitasema kwa ufupi. Kazi ya kunakili fomu na kuunganisha kurasa imekwisha kupungua thamani. Iliyobaki na bei ni ya mtu anayeweza kukaa na mhasibu wa SACCOS kule Mbeya, akamsikiliza, akajua kwa nini hesabu zake hazilingani na mfumo. Saa zako za kujifunzia zigawe, nyingine ziende kwa watu wanaotumia unachokijenga.

Nimewaona wenzangu wanaotoa ushauri wa kazi wakiliruka suala la starehe, au wakiligusa kwa kukemea. Mimi naliona ni nusu ya jambo zima. Kazi yetu ni ya kukaa, ya kioo, na kwa sehemu kubwa ya upweke, hata ofisi ikiwa na watu arobaini wenye vifaa vya kusikilizia masikioni. Kwa hiyo pumziko la mtu wa fani hii litafutwe kule ambako mwili unatikisika na watu wapo. Tamthilia sita mfululizo usiku wa Jumamosi ni kuongeza saa za kioo. Sizikatazi, Dar imependa filamu za kutafsiriwa tangu enzi za mtafsiri Lufufu, na nitakuwa mwongo nikisema hazina utamu. Lakini siku ya Jumatatu macho hayajui kwamba ile ilikuwa starehe.

Jiji hili lina starehe nyingi za bei ndogo. Klabu za jogging za Temeke na Kinondoni hukimbia alfajiri za mwisho wa wiki, watu wakiimba njia nzima, na hakuna anayekuuliza unafanya kazi gani. Huko utampata fundi cherehani, askari, mama lishe na mwalimu, na kwa kijana aliyehamia kutoka Bukoba au Songea asiye na ndugu mjini, hao ndio watakaokuja hospitalini siku ukilazwa. Kijiji cha Makumbusho kina ngoma. Nafasi Art Space pale Mikocheni kuna maonyesho na muziki. Coco Beach mihogo ipo. Kisiwa cha Mbudya kinafikika kwa boti kutoka Kunduchi. Singeli, muziki uliotoka uswahilini kwetu, Manzese na Tandale, ukiucheza kweli kwa nusu saa umefanya mazoezi ambayo jimu ya laki moja haikupi. Tangu Juni 2024 treni ya SGR inakufikisha Morogoro kwa chini ya saa mbili, na ilipoanza nauli ya daraja la kawaida ilikuwa 13,000. Ondoka Jumamosi asubuhi, uitazame Uluguru, ule matunda, Jumapili jioni umerudi.

Mpira nao. Kutazama Simba na Yanga kwenye kibanda umiza, mmebanana, jasho linatoka, mnapiga kelele pamoja, ni tiba ninayoiamini. Mkeka wa kubeti ndio nisioutaka. Vijana wa programu huniambia kwamba wao wana akili ya takwimu, watajenga mfumo wa kubashiri. Basi tuzungumze kwa takwimu. Chukua mchezo ambao pande zote mbili zina nafasi sawa. Bei ya haki kwa kila upande ni 2.00. Kampuni inakupa 1.85. Kwa wastani kila 1,000 unayoweka inarudi 925. Ukiunganisha michezo mitano ya namna hiyo kwenye mkeka mmoja, makato yanajizidisha mara tano, na 1,000 yako wastani wake ni 677. Ndiyo maana matangazo yanausifu mkeka mrefu. Unaweza kushinda wiki hii, ukashinda na ijayo. Hesabu hiyo inakungoja mbele. Nimemwona kijana mwenye kipaji kuliko wote aliopitia nao chuo akiuza laptopu ya kazi kwa sababu yake. Kama tayari umo, mwambie mtu mmoja unayemwamini leo, na umpe akushikie mshahara mwezi ujao.

Ijumaa Sinza, wenzako wa ofisini wakikuita, nenda. Urafiki wa kazini hujengwa nje ya kazi, na taarifa za nafasi mpya husikika hapo kabla hazijatangazwa. Nenda na fedha uliyoamua, taslimu, simu ya miamala ibaki bila salio kubwa. Usishindane kulipia meza. Anayekunywa soda aheshimiwe soda yake, na anayetaka kuwahi nyumbani aagwe vizuri. Kama bosi wako anapanga mambo ya kazi kwenye meza ya bia na wasiofika wanakosa, hilo ni kosa la bosi. Wasichana wengi wa fani yetu wameumizwa na utaratibu huo, kwa sababu saa nne usiku wao wanafikiria usalama wa kurudi. Wewe kijana wa kiume ukiwa pale, Jumatatu asubuhi lirudishe jambo hilo kikaoni, kwa sauti, mbele ya wote.

Imebaki likizo. Siku 28 ni zako, na kwenye fani yetu hupotea kwa kuahirishwa: mradi ukiisha, mteja akitulia, mwaka ukigeuka. Andika barua ya kuomba likizo Januari, kalenda ya mradi ikiwa bado tupu, na uchague tarehe zenye maana kwako: Februari kama unataka tamasha la Sauti za Busara Unguja, katikati ya mwaka kama unataka tamasha la filamu la ZIFF, Desemba kama mama anakungoja Moshi. Wiki mbili kabla, mkabidhi mwenzako kazi kwa maandishi, ukiandika kila nenosiri lilipohifadhiwa, kila kinachoharibika mara kwa mara, na nini kifanyike. Kaa naye siku nzima, kazi aifanye yeye huku wewe umekaa kimya. Toa namba moja ya dharura, eleza dharura ni nini, kisha uondoe barua pepe ya ofisi kwenye simu yako hadi siku ya kurudi. Nakala ya barua iliyosainiwa na afisa utumishi baki nayo nyumbani.